Renneti iliyosafiri kwenye buti: nilivyotafuta viungo vya jibini nikiwa Tabora

Februari ya mwaka jana nilimwaga lita 14 za maziwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba yetu, Ipuli. Umeme ulikatika jioni ukarudi kesho yake saa 4 asubuhi, na friji ilikuwa imejaa madumu. Kwetu Tabora mvua zikishakolea majani yanakuwa kila mahali, kila mwenye ng'ombe anakuwa na maziwa, na bei inaanguka. Wateja waliokuwa wakinibembeleza kiangazi niwauzie lita kwa shilingi 2,000 walikuwa hawaitaki hata kwa 1,200. Nilimwaga dumu la kwanza, nikamwaga la pili, na kufika la tatu machozi yalikuwa yananitoka. Wale ng'ombe wawili niliwanunua kwa mkopo.

Usiku ule ndipo nilipoamua kutengeneza jibini. Hesabu ilikuwa nyepesi: lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini, na jibini linakaa. Nilishawahi kwenda Njombe kwa mafunzo nikala jibini la hukohuko, na nikajiuliza kwa nini sisi wenye ng'ombe wengi kiasi hiki tusiweze. Sikufikiria baridi ya Njombe. Wala sikuwa najua chochote kuhusu vile vitu vidogo vinavyoingia kwenye maziwa mpaka yakawa jibini. Ilinichukua miezi 5, shilingi 412,000 na zaidi ya lita 80 za maziwa kabla sijapata kipande ambacho ningeweza kumwekea mgeni mezani. Sehemu kubwa ya hasara hiyo haikuwa ya lazima, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na orodha. Nilisoma mapishi ya watu wa Ulaya na Marekani nikanakili kila kilichotajwa: renneti (kile kinachogandisha maziwa), mbegu ya bakteria, kloridi ya kalsiamu, ndimu ya unga, chumvi isiyo na madini joto, kitambaa cha kuchujia, kipimajoto. Nikaingia mjini na daftari. Laiti ningeanza kwa kuyatazama maziwa yangu mwenyewe, orodha ile ingepungua nusu. Mapishi mengi ya namna ile yameandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua maziwa ya dukani, yaliyokwisha kupashwa moto kiwandani na kupoozwa, na hayo hugandika kwa udhaifu mpaka uyaongezee kalsiamu. Mimi nilikuwa nakamua mwenyewe saa 12 asubuhi.

Ndimu ya unga niliipata siku ya kwanza, duka la viungo, pakiti ya shilingi 3,000. Mzee mwenye duka akaniuliza naipeleka kwenye achari au urojo. Nilipomwambia jibini, akatikisa kichwa: "Mwanangu, kwanza pika paniri. Chemsha maziwa, kamulia ndimu, chuja, kandamiza chini ya jiwe. Ukishaweza hiyo ndiyo utafute hayo mengine." Sikumsikiliza. Nilirudi kwenye paniri yake miezi miwili baadaye nikiwa nimechoka, na ikatoka vizuri mara ya kwanza: maziwa lita 3, joto karibu na kuchemka, maji ya ndimu vijiko vinne vya mezani, na bonge jeupe likajitenga na maji mbele ya macho yangu. Haihitaji renneti wala mbegu. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namrudishia maneno ya yule mzee.

Kitambaa nacho kilinipa somo. Nilitafuta melimeli nikaikosa, nikaamua kununua bafta, mita 3. Kijana wa duka alikata kimyakimya, akaikunja taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili na kusema, "Poleni sana, mama." Ilibidi nimweleze kuwa kwetu hakuna msiba. Bafta inafaa kabisa, ila ikiwa mpya ina wanga. Mimi niliifua kwa maji ya baridi tu, na jibini langu la kwanza likatoka na harufu ya duka la nguo. Ichemshe mara mbili bila sabuni, uianike juani.

Kloridi ya kalsiamu ndiyo iliyonizungusha bure. Kwenye duka la dawa za mifugo nilipewa chupa ya kalsiamu ya kumchoma ng'ombe aliyezaa akaanguka. Ile ni kalsiamu ya aina nyingine, ni dawa, na haiendi kwenye chakula cha watu. Mtu mwingine akanionyesha chokaa. Nayo si yenyewe. Nilipoteza siku nne na nauli za bodaboda kwa kitu ambacho maziwa yangu hayakukihitaji. Kama unakamua mwenyewe, au unanunua kwa mfugaji unayemwamini, pasha maziwa mpaka nyuzi 63 uyashikilie hapo dakika 30, sufuria ndani ya sufuria yenye maji ili yasishike chini, kisha uyapoze haraka. Moto huo unatosha kuua vijidudu vya brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaoambukiza watu, na vya kifua kikuu, nao hauvurugi mgando. Usiruke hatua hiyo kwa sababu ng'ombe anaonekana mzima. Na maziwa ya boksi yanayokaa rafuni miezi bila friji yaache kabisa kwa jibini la renneti. Yamepita kwenye joto la juu ya nyuzi 130 na hayatakushika hata uongeze nini.

Sasa renneti yenyewe. Ni kimeng'enya kinachopatikana kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya, ndicho kinachomgandishia maziwa tumboni yasimpite upesi. Siku hizi nyingine hutokana na kuvu, nyingine na vijidudu vilivyopandikizwa kinasaba cha ndama. Tabora sikuiona popote. Maduka ya dawa, maduka ya vifaa vya keki, hata jikoni kwa hoteli moja niliyopita mlango wa nyuma kuuliza, hakuna aliyeijua. Machinjioni waliniambia hawachinji ndama anayenyonya, nikaona wana haki.

Hapo nikajaribu papai. Bibi jirani yetu hulainisha nyama ya mbuzi mzee kwa papai bichi, nikafikiri kinachovunja nyama kitafanya kitu kwenye maziwa. Nilichana papai bichi likiwa bado mtini, nikakinga utomvu ule mweupe kwenye kijiko, nikautia kwenye lita 5. Dakika chache tu maziwa yakashikana. Nilimwita mume wangu kutoka nje aje aone. Niliyachuja, nikatia chumvi, nikayakandamiza usiku kucha. Siku ya pili lilikuwa chungu kidogo. Siku ya nne lilikuwa chungu kama mwarobaini, na laini kama uji ulioganda. Utomvu wa papai hauachi kazi ukishagandisha. Unaendelea kuivunjavunja protini, na uchungu unatoka humo. Watoto walikataa kulila, nami sikuwalazimisha.

Mdogo wangu aliye Dar es Salaam ndiye aliyenipatia renneti ya kwanza ya kweli, ya maji, chupa ya mililita 50 kwa shilingi 38,000, kwa mtu anayeuzia mahoteli. Aliifunga kwenye boksi la viatu akaipeleka stendi. Basi linatoka Dar alfajiri linatufikia usiku, na boksi lilikaa kwenye buti siku nzima pamoja na mizigo ya watu. Nililipokea saa 5 usiku likiwa na vuguvugu. Pembeni ya chupa paliandikwa itunzwe kati ya nyuzi 2 na 8.

Kesho yake nilipasha lita 8, nikapima nyuzi 32, nikatia kipimo kilichoandikwa. Dakika 45 zikapita, kisha saa nzima. Maziwa yalikuwa maziwa. Nikaongeza mara mbili, baadaye mara tatu. Jioni yakashika kidogo, mgando unaotetemeka na kuvunjika ukiugusa, na jibini lililotoka lilikuwa chungu, kwa sababu renneti ikizidi nayo huleta uchungu. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamlaumu yule muuzaji kwa maneno makali. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Dada, aliniuliza itasafiri vipi. Mimi ndiye niliyemjibu, kwa basi tu." Muuzaji alikuwa tayari kumpa kifuko cha barafu kwa shilingi 2,000 na mdogo wangu akaona ni kupoteza hela yangu.

Kwa hiyo kama lazima uagize ya maji, lipia barafu, na mtu aibebe mkononi ndani ya basi. Ukiipokea, ipime kabla hujaiaminia maziwa ya siku nzima: kikombe kimoja cha maziwa ya vuguvugu, matone matatu ya renneti yaliyochanganywa kwenye kijiko cha maji, koroga, uache bila kutikisa. Iliyo hai itakuwa imeshika ndani ya robo saa au zaidi kidogo. Isiposhika, umepoteza kikombe kimoja tu.

Kwa safari za kwetu mimi nimehamia kwenye vidonge. Vinavumilia joto la siku chache kuliko ya maji, na vikifika unavihifadhi sehemu ya kugandishia barafu. Vya kwanza nilivipata Arusha kupitia shemeji yangu, 10 kwa shilingi 52,000. Bei inashtua mpaka ujue kuwa kidonge kimoja cha aina ile nakikata robo, na robo inanitosha kwa lita 10. Nguvu hutofautiana kwa kila aina, kwa hiyo soma pakiti yako, usifuate robo yangu.

Hata hivyo vidonge navyo vilinigomea mara mbili za mwanzo, na hapo ndipo nilipokaribia kuacha. Mume wangu, ambaye alikuwa amevumilia sana, aliuliza usiku mmoja: "Mama watoto, hii hela ya maziwa tunaifuata mpaka wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulala nikiwa na hasira, na asubuhi wakati najaza ndoo nikasikia harufu ya dawa kwenye maji. Tangu 2021 tunapata maji ya Ziwa Victoria mjini hapa, na namshukuru Mungu kwa maji hayo, lakini yanatiwa klorini, nami nilikuwa nayeyushia kidonge kwenye glasi ya maji ya bomba moja kwa moja. Klorini huiua renneti kabla haijafika kwenye maziwa. Siku ile nilichemsha maji kwa robo saa, nikayaacha wazi mpaka yakapoa kabisa, nikayeyushia humo.

Dakika 40 baadaye nilichoma kisu na kukiinua kwa mshazari. Maziwa yalipasuka kwa mstari mmoja ulionyooka, kingo zikabaki kali kama za kipande cha sabuni, na kwenye ufa maji yakaanza kupanda, yana rangi ya manjano inayokaribia kijani, yanang'aa. Niliwahi kusoma kuhusu ufa huo mara nyingi. Nilikaa chini pale pale sakafuni jikoni nikautazama mpaka sufuria nzima ikawa na mistari ya maji.

Kuhusu kipimajoto nitasema kwa ufupi. Nilinunua cha kidijitali, nikakitumbukiza kwenye maji yanayochemka kikasoma 96. Nikakiona kibovu, nikanunua kingine kwa shilingi 35,000, nacho kikasoma 96. Mwalimu wa fizikia tunayesali naye ndiye aliyenieleza: Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96. Vyote viwili vilikuwa vizima. Kipime kwenye barafu inayoyeyuka. Hiyo ni sifuri popote ulipo.

Mbegu ya bakteria niliyoiona kwenye mapishi ilikuwa inauzwa Nairobi, inataka kugandishwa muda wote, na bei yake na usafiri vilinizidi. Nikaja kugundua kuwa nimekuwa nikiila miaka yote. Mtindi mzuri usiotiwa sukari una bakteria wale wale wanaopenda joto la kawaida, na yogati ina wale wanaopenda joto kubwa zaidi. Ila lazima iwe hai. Chukua kijiko cha mtindi utie kwenye glasi ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, funika, uache usiku kucha. Ikiamka imeganda laini na ina harufu safi ya uchachu, ndiyo mbegu yako. Ikibaki maji, au ikafura mapovu, itupe. Mimi hutumia vijiko viwili vya mezani kwa kila lita 4, nusu saa kabla ya renneti.

Kuna tukio moja la mbegu ambalo linaniuma mpaka leo. Mwezi wa nne mbegu yangu nzuri iligoma siku tatu mfululizo. Nilibadilisha mtindi, nikaosha kila chombo, nikalaumu baridi. Kisha nikakumbuka kuwa ng'ombe mmoja alikuwa amevimba kiwele na kuchomwa sindano ya oksitetrasaiklini wiki ile. Dawa inatoka kwenye maziwa na inaua bakteria wa jibini kama inavyoua wa ugonjwa. Kwenye chupa pameandikwa siku za kusubiri, na mtaalamu wa mifugo alinitajia, mimi mwenyewe nilizisahau. Na yale maziwa ambayo hayakuingia kwenye jibini nilikuwa nimewauzia watu, wenye watoto. Nilizunguka nyumba 6 nikawaambia ukweli na kurudisha hela. Wateja wawili hawakurudi. Sasa kuna kalenda ukutani bandani, sindano ikichomwa tu nazungushia siku zote za kusubiri kwa wino mwekundu, na wanaoniuzia maziwa ya nyongeza nawauliza swali hilo kabla ya bei.

Chumvi ndiyo kitu pekee tulichojaliwa kuwa nacho karibu. Uvinza iko njiani kuelekea Kigoma, kwenye reli hiyo hiyo inayopita kwetu, na watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi zake za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Mapishi yanasisitiza isiwe na madini joto. Nimetumia chumvi yenye madini joto na isiyo nayo, sikuona tofauti ya kunisumbua. Kilichonisumbua ni kupima kwa kiganja. Nunua mizani ndogo: gramu 20 kwa kila kilo ya mgando uliokamuliwa. Na ukiamua kuloweka jibini kwenye maji ya chumvi, usitumie maji matupu. La kwangu lilitoka na utelezi juu kama samaki, kwa sababu maji yale yalinyonya kalsiamu ya ganda. Yeyushia chumvi kwenye yale maji ya manjano uliyochuja, gramu 200 kwa lita, utelezi hautakuwepo.

Kulikomaza ndiko bado kunanishinda nusu. Linataka nyuzi 10 mpaka 13 na unyevu, na friji ya nyumbani ni baridi mno, inalikausha likapasuka. Nimetumia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Juni na Julai, hewa ikiwa kavu na usiku una baridi, kinanipa nyuzi 17 hivi, na jibini la wiki 3 linatoka zuri sana. Oktoba joto linanishinda, na mvua zikianza mchanga haupoozi tena kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Miezi hiyo nafanya la kuliwa ndani ya siku 5 na paniri. Kuuza nauzia majirani tu, nikiwa nafuatilia usajili wa Bodi ya Maziwa na vipimo vya Shirika la Viwango (TBS), na hiyo ni safari nyingine.

Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, hajati wa nyumba ya tatu alikuja na kikapu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa. Alikuwa amesikia kuhusu jibini, akataka kujua kitu kinachogandisha kimetoka kwa mnyama gani na kachinjwa vipi. Ni swali ambalo ningepaswa kumuuliza muuzaji tangu chupa ya kwanza, maana nusu ya mtaa wetu ni Waislamu. Kwa bahati vidonge nilivyokuwa navyo ni vya kuvu. Nilikwenda kwenye friji nikamletea pakiti. Alivaa miwani, akaisoma pande zote mbili bila haraka, akanirudishia, akasema nimpimie nusu kilo.